Bastola ya .22 na Kiwambo cha Sauti: Mafunzo Niliyopata

Naishi Texas, na Jumamosi nyingi huwa uwanja wa shabaha nikiwafundisha ndugu na jamaa kutumia bastola kwa mara ya kwanza. Anayeanza hushtushwa zaidi na mlipuko kuliko na mtikisiko wa mkono. Akishashtuka, hufumba macho kabla ya kuvuta triga, na maelekezo yangu hayamfikii tena. Ndiyo maana nikatafuta bastola ndogo ya .22 ya kufungia kiwambo cha sauti. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuitafuta na kuitumia.

1. Kiwambo kinapunguza sauti, hakiiui.
Ya kwenye filamu yaache huko huko. Bastola ya .22 bila kiwambo hutoa mlio wa desibeli 150 na zaidi, na inakubalika kwamba mlio wa ghafla unaopita 140 unaweza kuharibu masikio. Kiwambo kizuri hushusha mlio huo hadi karibu na 115 au 120. Tofauti hiyo ni kubwa mno, ila bado ni mlio wa bunduki. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kiwambo mwaka 1909, alitumia wazo lile lile la ekzosi ya gari: kuipa hewa ya moto nafasi ya kutanuka na kupoa kabla haijatoka nje. Wanafunzi wangu huvaa kinga ya masikio hata hivyo, kwa sababu anayepiga katika kituo cha jirani huenda hana kiwambo.

2. Angalia mtutu kabla ya kuangalia jina.
Watu huniuliza kwanza ni kampuni gani. Mimi huuliza kama mtutu umekazwa kwenye fremu au unacheza. Bastola nyingi za risasi kubwa, kama za milimita 9, mtutu wake huinama kidogo kila risasi inapotoka, kwa hiyo kiwambo chake huhitaji kifaa cha ziada chenye springi ili bastola iendelee kujipakia. Bastola za .22 hazina shida hiyo kwa kawaida. Katika Ruger Mark IV na Browning Buck Mark mtutu hausogei kabisa, na kiwambo hukaa mahali pamoja tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo ndipo usahihi wa shabaha unapoanzia.

Kisha tazama hesi. Kipimo kilichozoeleka Marekani kwa .22 ni 1/2x28, yaani kipenyo cha nusu inchi na nyuzi 28 kwa kila inchi. Nunua bastola ambayo mtutu wake umekatwa hesi kiwandani. Baadhi ya bastola, kama Walther P22, huhitaji adapta kati ya mtutu na kiwambo, na adapta hulegea. Kiwambo kilicholegea hukaa upande, na risasi ikigusa kuta za ndani, kiwambo kimekwisha na aliye karibu yuko hatarini. Kila magazini inapoisha mimi huondoa risasi zote, huhakikisha chemba ni tupu, ndipo nakishika kiwambo kwa kitambaa kujua kama bado kimekaza.

Bastola ya silinda usiihangaikie. Kuna mwanya kati ya silinda na mtutu, na mlio hupitia hapo hapo.

3. Risasi ni nusu ya ununuzi.
Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ikipita mwendo huo hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na kiwambo hakiwezi kuuzuia kwa kuwa unatokea nje ya mtutu. Faida ya bastola ni mtutu mfupi: risasi nyingi ambazo kwenye bunduki ndefu zingepita mwendo wa sauti hubaki chini yake. Mimi hupendelea za kasi ya kawaida, uzito wa greni 40, zinazokwenda karibu mita 325 kwa sekunde. Zilizo dhaifu zaidi huwa tulivu, lakini huenda zisiwe na nguvu ya kuisukuma bolti nyuma, na ganda hubaki limekwama. Jaribu pakiti za aina kadhaa katika bastola yako mwenyewe kabla hujanunua katoni.

4. Uchafu ndio utakaokufanya uipende au uichukie.
Ningeombwa kubakiza somo moja tu, ningebakiza hili. Risasi nyingi za .22 ni madini ya risasi tupu au yaliyopakwa shaba nyembamba sana. Vumbi la madini hayo, masizi na nta huganda ndani ya kiwambo, na kwa kuwa kiwambo huzuia hewa, sehemu yake hurudi ndani ya bastola na usoni kwa mpigaji. Miwani ni lazima.

Kwa hiyo chagua bastola inayofunguka kirahisi. Ruger za zamani, hadi Mark III, zilijulikana kwa ugumu wa kuzirudisha pamoja. Mark IV iliyotoka 2016 hufunguka kwa kitufe kimoja. Ukinunua iliyotumika, jua kwamba Mark IV zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 zilitakiwa kurudishwa kiwandani kwa kasoro ya swichi ya usalama. Hakikisha marekebisho yamefanyika. Kiwambo nacho kiwe cha kufunguka hadi kipande cha mwisho.

Wapo wanaolowesha vipande kwenye siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Usifanye hivyo. Mchanganyiko huo huyageuza madini kuwa sumu inayoyeyuka majini na kupenya mwilini kwa urahisi. Nasafisha nje ya nyumba, nimevaa glavu, na nguo za uwanjani haziguswi na watoto.

5. Uzito wa mbele.
Kiwambo huongeza gramu 100 hivi kwenye ncha, na mkono mdogo huchoka haraka. Ruger 22/45 Lite, yenye alumini nyingi, huwafaa wanangu wa kike kuliko ya chuma. Kiwambo chenye upana wa inchi moja pia huweza kuziba alama za kulengea. Bastola yenye nafasi ya kufungia kilengeo cha nukta nyekundu huondoa tatizo hilo.

6. Sheria husimama juu ya yote haya.
Majimbo 42 ya Marekani huruhusu raia kumiliki kiwambo. California, New York na Illinois haziruhusu. Tangu 1934 mnunuzi alilipa kodi ya dola 200. Kuanzia Januari 1, 2026 kodi hiyo ni sifuri, lakini usajili wa serikali kuu, alama za vidole na picha vimebaki palepale, na kiwambo hukitoi dukani kabla ya idhini. Shemeji yangu anaweza kukitumia nikiwa kando yake. Kuondoka nacho kwenda kwake hawezi. Na hakivuki mipaka ya Marekani bila kibali cha serikali, hata kama unarudi nyumbani likizo tu.