Linda Uvumbuzi Wako Kabla ya Kuuonyesha: Mwongozo kwa Mafundi wa Thika na Ruiru

Mwongozo huu ni wa mafundi wa kushona, wachomeleaji, wafanyakazi wa viwandani na wahitimu wa vyuo wanaobuni vitu vipya kati ya Ruiru, Juja na Thika. Tutatumia mifano miwili. Wa kwanza ni mfuko wa kufunikia vifaa vya gofu, ambao wateja wake wako karibu: Thika Sports Club na Ruiru Sports Club zote zina viwanja vya gofu. Wa pili ni mtungi wa naitrojeni kimiminika, ambao wahudumu wa kupandisha ng'ombe hubebea mbegu zilizogandishwa. Kazi hizi hazifanani, lakini uvumbuzi wote huo unalindwa na Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001. Inayoisimamia ni Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI), yenye ofisi South C, Nairobi.

1. Kwa nini uharakishe

Mwaka 1892, mwanasayansi James Dewar wa London aliunda chupa yenye kuta mbili, katikati pakiwa hapana hewa. Alitaka gesi zilizogeuzwa kimiminika kwa baridi kali zisichemke upesi. Mwaka 1898 akawa wa kwanza kugeuza haidrojeni kuwa kimiminika, kazi inayohitaji baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Lakini Dewar hakuiombea chupa yake hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Mafundi wa vioo wa Ujerumani waliona faida yake majumbani, na mwaka 1904 wakaanzisha kampuni ya Thermos. Dewar alikwenda mahakamani akashindwa. Kama mwanasayansi mashuhuri alipoteza namna hiyo, fundi wa mtaa wa Makongeni, Thika, ana sababu kubwa zaidi ya kujilinda mapema.

2. Chagua kinga inayokufaa

- Hataza. Hutolewa kwa uvumbuzi ambao ni mpya duniani kote, unaoweza kutengenezwa, na ambao mjuzi wa fani hiyo asingeufikia kwa urahisi. Hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, mradi ada za kila mwaka zilipwe.
- Cheti cha uvumbuzi mdogo. Kitu kiwe kipya na kiweze kutengenezwa; hutakiwi kuthibitisha ugumu wa wazo lenyewe. Hudumu miaka 10 wala hakiongezwi muda.
- Usajili wa muundo. Hulinda sura ya bidhaa: umbo, mistari, mapambo. Hudumu miaka 5 na huweza kuhuishwa mara mbili, hadi miaka 15.
- Alama ya biashara. Hii ina sheria yake, lakini husajiliwa KIPI vilevile. Hulinda jina au nembo kwa miaka 10, nayo huhuishwa kila muda unapokwisha.

Kifaa kimoja huweza kubeba kinga kadhaa. Kifungo kipya cha mfuko wa gofu kinafaa cheti cha uvumbuzi mdogo, umbo la mfuko lisajiliwe kama muundo, na jina lake kama alama. Njia mpya kabisa ya kuzuia joto kuingia mtungini yaweza kustahili hataza. Kazi nyingi za karakana zinafaa cheti cha uvumbuzi mdogo, na fundi asikidharau: ni haki kamili inayoweza kuuzwa au kukodishwa.

3. Hatua za kufuata

1. Nyamaza. Usipeleke kazi kwenye maonyesho wala kuweka picha mtandaoni. Kwa hataza, sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya ombi, lakini nchi nyingi hazina msamaha huo.
2. Andika. Weka michoro, vipimo na majaribio katika daftari lenye tarehe. Anayekusaidia kutengeneza sampuli atie sahihi mkataba wa kutunza siri.
3. Tafuta. Espacenet na Patentscope ni hazina za hataza za bure mtandaoni. Soma yaliyokwisha kuvumbuliwa.
4. Wasilisha ombi. Kwa hataza utahitaji fomu, maelezo, madai, michoro na muhtasari. Madai ndiyo mipaka ya shamba lako, kwa hiyo tafuta wakala aliyesajiliwa akusaidie kuyaandika. Wawili wakivumbua jambo moja kila mtu kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha.
5. Omba uchunguzi. Ombi la hataza lisipoombewa uchunguzi ndani ya miaka 3, huhesabika limeachwa.

4. Ukiwa umeajiriwa

Uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Uvumbuzi huo ukizidi sana thamani iliyotarajiwa, mfanyakazi ana haki ya malipo ya ziada yanayostahili. Uvumbuzi usiohusiana na kazi yako, uliofanywa bila vifaa wala taarifa za mwajiri, ni wako. Kipengele cha mkataba kinachompunguzia mvumbuzi haki hizi ni batili. Soma mkataba wako kabla ya kutia sahihi.

5. Mipaka ya hataza

Hataza haivuki mpaka wa nchi ilikotolewa. Iliyosajiliwa Marekani pekee haimzuii fundi wa Ruiru kutengeneza na kuuza Kenya. Hakikisha tu kwamba haijasajiliwa pia KIPI au ARIPO, shirika la Harare linalopokea maombi ya nchi kadhaa za Afrika.

Pia hataza si cheti cha usalama. Naitrojeni kimiminika ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na lita moja ikigeuka gesi hujaza takriban lita 700. Mtungi uliozibwa kabisa hulipuka. Pata ushauri wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kuuza.

Mwisho, karatasi haiuzi bidhaa. George Grant, daktari wa meno Mmarekani mweusi, alipata hataza ya kijiti cha mbao cha kuwekea mpira wa gofu mwaka 1899, lakini hakukiuza, akawagawia marafiki. Miaka ya 1920 mtu mwingine alipata mali kwa kijiti cha namna hiyo.

Basi panga bei, wateja na mtaji sambamba na ombi lako. Linda kwanza, onyesha baadaye, kisha uza kwa bidii.