Kumfunza Mtoto Kutazama: Ziara ya Makumbusho katika Somo la Sanaa

Mara nyingi ziara ya shule katika makumbusho hugeuka kuwa mwendo wa haraka. Wanafunzi huzungushwa chumba baada ya chumba, hunakili maelezo yaliyobandikwa ukutani, kisha hurudi shuleni na madaftari yaliyojaa ilhali hawakutazama kitu. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kuifanya ziara hiyo iwe somo la kweli.

Tuchukue mfano wa Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, iliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940. Humo mna fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, vifaa vya jadi, na kazi za sanaa za kisasa. Wingi huo ni mtego: mwalimu asiyechagua huwapa watoto kila kitu wasibaki na chochote.

(a) Kabla ya ziara. Mwalimu hana budi kutangulia peke yake, kwa kuwa maonyesho ya picha hubadilishwa. Achague picha mbili tu. Darasani aeleze adabu za mahali, hasa kutogusa, maana jasho la vidole huharibu rangi. Maana ya picha asiieleze.

(b) Mbele ya picha. Tuseme umechagua picha ya mtindo wa Tingatinga. Waketishe watoto, watazame kimya kwa dakika mbili. Kisha uliza kwa utaratibu: Mnaona nini? Ni kitu gani katika picha kinachokufanya useme hivyo? Nani ameona jingine? Mmoja atasema chui amekasirika. Mwingine atasema anacheka. Usiamue baina yao. Waonyeshe jicho, meno au mkia uliowafanya waseme hivyo. Swali la pili ndilo moyo wa somo, kwani humtoa mtoto katika kubahatisha na kumfikisha kwenye ushahidi.

Hapo ndipo utoe maarifa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Alichora juu ya vibao vya dari kwa rangi ya kung'aa ipakwayo baiskeli. Mtoto aliyekwisha kuustaajabia mng'ao ule sasa amepata sababu yake, wala hatausahau.

(c) Baada ya ziara. Kila mtoto achore mnyama anayemjua, bila kunakili. Bandikeni picha hizo ukutani, na maswali yale yale yaulizwe tena.

Wapo wasemao kwamba njia hii hupoteza muda, na kwamba mtihani hauulizi hayo. Lakini mtoto anayeambiwa daima picha inasema nini hujifunza kutoyaamini macho yake. Mtoto huyo huyo, akipewa jani katika somo la Sayansi, atangoja neno la mwalimu kabla ya kulitazama.

Aidha, shule iliyo mbali na jiji isikate tamaa. Kanga, mkeka wa ukindu au kinyago huweza kutazamwa kwa utaratibu huo huo.

Zoezi: Chagua kanga moja. Andika maswali matano ya kuwauliza wanafunzi wa Darasa la IV, ambayo hayawezi kujibiwa bila kuitazama.