SOMO LA BIOLOJIA: KANSERI NA MAJIRANI WAKE



Katika 1 Wakorintho 12 tunasoma ya kwamba viungo vya mwili vinatunzana. Leo tutaona namna kanseri inatumia musaada huo kwa ubaya.

1. Kanseri inakula namna gani?
Mama akilowesha mihogo, inachacha. Vijidudu vinakula sukari yake pasipo hewa na kutoa asidi ya laktiki. Mikono ya mutu anayevuta kasia kwa nguvu inafanya vile vile, oksijeni ikipunguka. Lakini katika miaka ya 1920 Otto Warburg, Mudachi, aliona ya kwamba seli za kanseri zinafanya hivyo hata oksijeni ikiwa mingi. Ndiyo maana zinamaliza sukari mingi.

2. Majirani
Ndani ya uvimbe hamuna seli za kanseri peke yake. Kuko mishipa ya damu, seli za mafuta, askari wa mwili, na fibroblasti, zenye kushona kidonda kipate kupona. Kanseri inazigeuza fibroblasti: zinavunja sukari na kutoa laktati, nayo kanseri inaila. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha ya kwamba seli za mafuta ya tumbo zinapatia kanseri ya ovari mafuta yao. Tena asidi inayojaa pale inalegeza askari wa mwili.

Basi, kuacha sukari kutaponya? Hapana. Mwili wenyewe unatengeneza sukari ya damu, na kanseri inajua kula vitu vingine.

3. Mufano wa karibu
Mwaka 1958 munganga Denis Burkitt, wa Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya la watoto. Ugonjwa huo uko hata kwetu Kongo. Katika mikroskopi unafanana na mbingu ya nyota. Nyota ni makrofaji, seli zinazofagia seli zilizokufa. Kazi yao ni usafi, lakini zinatoa pia vitu vya kukuza uvimbe.

Kanseri hii inakua mbio sana, lakini dawa zinaweza kuiponya. Ukiona taya la mudogo wako limevimba, usiseme ni jino tu ao ni uchawi. Mupeleke kwa munganga siku ile ile.

MAULIZO
a) Warburg aliona nini?
b) Fibroblasti zinafanya kazi gani katika kidonda? Na katika uvimbe?
c) Sababu gani tusingoje?