Siku Nne za Jua



Nilipokuwa nikifundisha jiografia katika chuo cha ualimu, wanafunzi wangu walidhani kwamba majira ya joto huko Ulaya ni wakati wa kustarehe tu. Kwa watu wa mijini huenda ikawa hivyo. Lakini kwa jamaa yenye shamba dogo la kondoo, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kazi ngumu, maana ndiyo inayoamua kama kondoo watavuka salama miezi ya baridi. Leo tuwatazame wafugaji wa Cumbria, nchi ya milima kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

Hali ya nchi. Mvua huko haingoji msimu. Hunyesha mwaka mzima. Seathwaite, katika bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wala halizami mpaka karibu saa nne usiku. Mchana ni mrefu, ila siku kavu zinazofuatana ni chache.

Kondoo wao. Wengi hufuga kondoo waitwao Herdwick. Hawa huzaliwa weusi, kisha hugeuka kuwa wa kijivu kadiri wanavyokua. Hula mlimani pasipo ua. Mwanakondoo hujifunza mipaka ya malisho kwa kumfuata mama yake. Kwa hiyo mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo uliposababisha mamilioni ya wanyama kuuawa, watu waliogopa kwamba makundi yakiisha, maarifa hayo nayo yatapotea.

Adui wa majira ya joto. Siku za joto lenye unyevu, nzi hutaga mayai katika manyoya machafu. Baada ya siku moja hivi mayai huanguliwa, na mabuu huanza kumla kondoo angali hai. Asipoonekana upesi, aweza kufa kwa siku chache. Ndiyo sababu mwenye kondoo hupita kila siku pamoja na mbwa wake, akimtafuta yule aliyejitenga, anayepiga miguu chini au kujing'ata mgongoni. Dawa husaidia, na kunyoa husaidia pia. Bei ya sufu mara nyingi haitoshi hata kumlipa mnyoaji, lakini hawaachi kunyoa, maana wanaokoa kondoo.

Kazi mbili, jua moja. Hapa ndipo penye fundisho. Manyoya yakifungwa yamelowa huoza. Nyasi nazo, zinazokatwa ziwe chakula cha wakati wa baridi, zahitaji siku kadhaa za jua na kugeuzwa mara kwa mara. Zikiwekwa ghalani kabla ya kukauka huota ukungu, tena zaweza kupata moto zenyewe na kuteketeza ghala. Tuseme basi redio imetangaza siku nne kavu. Ungeanza na ipi?

Jamaa yenye busara huangalia umande. Siku ya kwanza hukata nyasi. Kondoo huteremshwa kutoka mlimani kwa msaada wa majirani na mbwa wao, na wakishakauka hulazwa chini ya paa. Asubuhi, nyasi zingali na umande shambani, kondoo ni wakavu, na mnyoaji aanza kazi. Umande ukiondoka, wote hukimbilia nyasi: huyu aendesha trekta, huyu ashika reki, na watoto wakunja manyoya. Siku ya nne nyasi huingizwa ghalani. Kesho yake ni zamu ya kwenda kwa jirani.

Na mvua ikiwahi? Kondoo hutangulia. Nyasi zilizonyeshewa ni hasara, lakini zaweza kununuliwa nyingine. Kondoo aliyeliwa na mabuu hangoji. Hivi leo wengi hufunga nyasi zenye unyevu katika nailoni ili zichachuke bila kuoza. Hata hivyo nailoni ni gharama, na kwa shamba dogo kila senti ina kazi yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika shamba lenu, ni kazi zipi mbili zinazogombea jua moja? Mwazipangaje?
2. Ni nani hupita kila siku kuwatazama wanyama wenu? Je, watoto wamefundishwa dalili za mnyama mgonjwa?
3. Mvua ikiwahi, ni kitu gani mtakachookoa kwanza, na kwa nini?