Kutu ya Mwilini na Ugonjwa wa Kusahau

Jembe likiachwa kwenye mvua hushika kutu. Chuma huliwa polepole, kikawa dhaifu. Ndani ya miili yetu pia kuna jambo linalofanana na hilo. Leo tutajifunza jambo hilo, na jinsi linavyohusiana na ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee.

Protini huharibika vipi?

Tukivuta pumzi, hewa ya oksijeni huingia mwilini. Mwili huitumia kuunguza chakula ili tupate nguvu. Lakini kila moto hutoa cheche. Cheche za mwilini ni kemikali kali zinazotokana na oksijeni. Nyingine hutokana na oksijeni iliyoungana na nitrojeni. Kemikali hizo zikigusa protini huziharibu.

Protini hujenga mwili na kufanya kazi nyingi ndani yake. Protini iliyoharibika ni kama ufunguo uliopinda. Haufungui tena kufuli.

Mwili wa kijana huondoa protini mbovu na kutengeneza mpya. Tukizeeka, kazi hiyo hupungua, na protini mbovu hulundikana. Hali hii huwapata wazee wote.

Ubongo umo hatarini zaidi. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili. Hata hivyo, hutumia karibu sehemu 20 katika kila 100 za oksijeni yote.

Ugonjwa wa Alzheimer

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu. Mwanamke huyo alipokufa, daktari aliupima ubongo wake kwa hadubini. Aliona vibonge, na nyuzi zilizosokotana. Siku hizi tunajua kwamba vibonge hivyo ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi hizo ni protini iitwayo tau. Wataalamu wameona pia kwamba kutu ya protini huwa nyingi zaidi katika ubongo wa wagonjwa hawa kuliko wa wazee wengine.

Mgonjwa husahau mambo ya jana, lakini hukumbuka ya zamani. Huuliza swali lile lile mara nyingi. Hupotea njia aliyoizoea. Baadaye huweza kusahau hata majina ya watoto wake.

Huu si uchawi

Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu, wazee, hasa wanawake, wamepigwa na hata kuuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mzee anayetangatanga usiku bila kujua alipo huweza kushukiwa hivyo. Mzee huyo hakuroga mtu, wala hakurogwa. Ubongo wake unaumwa.

Tufanye nini?

1. Mzee akianza kusahau sana, mpelekeni hospitali. Akichanganyikiwa ghafula, msingoje. Huenda ana malaria au ugonjwa mwingine unaotibika.

2. Pimeni shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari, na kuvitibu.

3. Acheni tumbaku. Punguzeni pombe.

4. Kuleni mboga za majani, matunda, maharage na samaki. Msinunue vidonge vya vitamini kwa kuambiwa kuwa vinazuia ugonjwa huu. Jambo hilo halijathibitishwa.

5. Wazee wasikae bure wala peke yao. Wafanye kazi nyepesi, watembee na kuzungumza na wenzao.

6. Msimgombeze mgonjwa wala kumfungia. Mwambieni mambo kwa maneno machache na kwa upole. Majirani wajue hali yake, ili akipotea wamrudishe nyumbani. Watu wa nyumbani wapokezane kumtunza.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Zipo dawa za kupunguza dalili kwa muda. Lakini mzee akitunzwa vizuri huishi kwa heshima na amani.

Maswali

1. Kwa nini ubongo huharibika zaidi kwa kutu ya mwilini?
2. Taja dalili tatu za ugonjwa wa kusahau.
3. Kijijini kwenu mtamlinda vipi mzee mwenye ugonjwa huu?