SOMO: LIKIZO YA SIKU NNE VISIWANI MWA ZIWA VICTORIA



Akisikia neno likizo, mtu wa Kisumu aghalabu huwaza Mombasa na bahari ya chumvi; kisha huhesabu nauli, akatikisa kichwa, akabaki nyumbani. Walakini mlangoni pake pana ziwa lipitalo maziwa yote ya Afrika kwa ukubwa, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kenya ina sehemu ndogo tu ya ziwa hilo, kama asilimia 6, lakini katika sehemu hiyo mna visiwa ambavyo wageni hutoka ng'ambo kuja kuvitazama. Somo la leo lataka kuonyesha jinsi mtu mwenye kipato cha kadiri, pamoja na jamaa yake, awezavyo kuvitembelea kwa siku nne, akajifunza, akaburudika, na akarudi salama. Neno hilo la mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu. Kwa hiyo twaanza nalo.

1. Saa za ziwa

Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo wa alasiri, utokao ziwani kwenda pwani, ambao huinua mawimbi. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, na upepo hutoka pwani kwenda ziwani. Wavuvi wa zamani walizijua saa hizi bila kitabu. Walitweka tanga kabla ya alfajiri, upepo wa nchi kavu ukawapeleka. Wakarudi na upepo wa ziwani, samaki wakiwa mashuani.

Mwandishi wa somo hili alifika Mbita siku moja saa tisa alasiri, akitaka kuvuka kwenda Mfangano. Mzee mwenye mashua akamwambia, "Mwanangu, leo utalala hapa." Mwandishi alikasirika, akataja fedha, akataja haraka ya kazi yake. Mzee hakubishana naye. Alimwonyesha tu kwa kidole mawimbi meupe mbali ziwani, akaendelea kushona wavu wake. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, maji yalikuwa yametulia kama mafuta katika sahani, na wakavuka wakizungumza.

Kwa hiyo shika kanuni tatu. Kwanza, vuka asubuhi. Pili, usikubali kukaa mashuani bila jaketi la kuokoa maisha, nawe ulifunge kifuani tangu pwani. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Tatu, ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, ngoja kingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, kikiwa kimekaribia kutia nanga. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220.

2. Siku ya kwanza: Ndere na Kit Mikayi

Kisumu yenyewe yafaa kutazamwa kabla ya kuondoka. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Ukiwa bandarini utaona pia magugumaji, mmea wenye maua ya zambarau ulioenea ziwani tangu miaka ya 1990. Wakati mwingine upepo huyakusanya hata mashua zikafungwa njia; kwa hiyo mwulize nahodha hali ya maji kabla ya kulipa.

Kodisha mashua mapema pamoja na wenzako, ili gharama igawanyike, uende kisiwa cha Ndere, magharibi mwa Kisumu. Kisiwa hiki kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986, nacho kina eneo la kilomita za mraba 4.2 tu. Jina lake kwa Kijaluo lina maana ya mahali pa kukutania. Huko utawaona swala pala wakilisha, na viboko na mamba kando ya maji, na furukombe akishuka kumnyakua samaki. Usitembee peke yako penye matete.

Ukisharudi, shika barabara ya Bondo mpaka Kit Mikayi katika nchi ya Seme. Ni mawe makubwa yaliyobebana kama nyumba ya ghorofa. Wazee husimulia habari za mtu mmoja aliyeyapenda mawe hayo hata akawa anashinda hapo kila siku. Mke wake alipoulizwa mumewe yuko wapi, akajibu kwamba amekwenda kwa mikayi, yaani mke mkubwa. Watu huja hapo kuomba Mungu. Basi ingia kwa adabu. Jioni endelea mpaka Luanda Kotieno, ulale.

3. Siku ya pili: Rusinga

Asubuhi panda feri ya kwenda Mbita, ng'ambo ya pili ya mlango wa ghuba ya Winam. Kutoka Mbita waweza kuingia Rusinga kwa miguu au kwa gari, maana pana daraja.

Rusinga ina mambo mawili makubwa. La kwanza ni kaburi la Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri na umri wake miaka 38. Alikuwa miongoni mwa wale waliofanya mpango wa kuwapeleka vijana Marekani kusoma. Ndege ya kwanza ya mwaka 1959 ilichukua wanafunzi 81. Mzazi akiwapeleka watoto wake mbele ya kaburi hilo, awaeleze jambo hili wakiwa papo hapo.

La pili ni mawe yenye mifupa ya kale. Zamani sana mlima wa moto wa Kisingiri ulimwaga majivu juu ya nchi hii, yakafunika wanyama na miti. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapa fuvu la kiumbe aitwaye Proconsul, mfano wa sokwe asiye na mkia, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Wataalamu wa nchi nyingi wamekuja Rusinga kwa sababu hiyo. Ukiona mfupa wa mawe ardhini, utazame, uuache mahali pake; kuuchukua ni kosa kwa sheria, tena ni kuung'oa ukurasa katika kitabu ambacho bado hakijasomwa chote.

4. Siku ya tatu: Takawiri na Mfangano

Ondoka Mbita asubuhi. Njiani kipo kisiwa cha Takawiri chenye mchanga mweupe, na watoto watataka kuoga. Hapo yatupasa kusema neno juu ya kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka katika konokono wadogo wakaao maji ya kando, hasa penye majani, navyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Weupe wa mchanga hauwazuii. Uliza wenyeji na mganga wa karibu. Na mtu akiisha kuingia majini, aende baadaye hospitali kupimwa, kwani dawa ipo.

Mfangano ni kisiwa cha milima. Kilele chake, Kwitutu, kina urefu wa mita 1,694 juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo nchi ya Abasuba, watu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, lakini kizazi kwa kizazi Kijaluo kimeshika mahali pake, hata wajukuu wengi hawaielewi lugha ya babu zao. Jumba la makumbusho la Abasuba huhifadhi vyombo na habari zao, nalo huwapatia wageni viongozi wa njia.

Pamoja na kiongozi, panda mpaka Kwitone, kisha uende Mawanga. Juu ya miamba utaona duara nyekundu na nyeupe, moja ndani ya nyingine, zilizochorwa na wawindaji waliokaa hapa kabla ya Abasuba. Wenyeji walipaheshimu mahali hapo kama pa kuombea mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyozilinda picha hizo kuliko ukuta wo wote. Usiziguse, usizimwagie maji ili zing'ae, wala usiandike jina lako kando yake. Mwenye kuandika jina lake hapo ameharibu kwa dakika moja kazi ya miaka elfu.

Lala Mfangano. Usiku usio na mwezi utaona taa nyingi ziwani kama mji uliotokea ghafula: ni wavuvi wa omena, wakiwavuta samaki hao kwa mwanga.

5. Siku ya nne: Kurudi

Labda msomaji ameuliza, kwa nini siku nne, nasi tungaliweza kurudi siku ya tatu jioni? Jibu amekwisha kulisoma katika sehemu ya kwanza. Siku ya nne ni bei ya kuvuka asubuhi, nayo si ghali.

Chukua kofia, maji ya kunywa, chandarua, koti la mvua na fedha ndogo ndogo. Zaidi ya hayo, chukua daftari, uandike angalau maneno kumi ya Olusuba kutoka kinywani mwa mzee. Ukimsomea, atakusahihisha, na mjukuu wake aliye karibu atasikia.

MASWALI
1. Kwa nini upepo wa alasiri hutoka ziwani kwenda nchi kavu?
2. Taja mambo mawili yaipayo Rusinga sifa.
3. Kichocho huingiaje mwilini?
4. Ni nini kilichozilinda picha za Mfangano?
5. Katika ukoo wako, ni neno gani ambalo babu alilijua na mtoto halijui?

Safari njema.