Ngeli kwenye skrini: kazi ya mhandisi wa upande wa mbele

Wanafunzi wa mwaka wa pili huniuliza mara kwa mara: mtu aliyesoma isimu anatafuta nini katika kampuni changa ya programu za simu? Nitajibu kwa kueleza kazi yenyewe, maana sehemu kubwa ya sarufi niliyofundishwa katika kitivo hiki naikuta kazini kila siku, ingawa wenzangu hawaiiti kwa jina hilo.

Kila programu ina pande mbili. Upande wa nyuma hutunza hesabu, majina na kumbukumbu, mtumiaji hauoni. Upande wa mbele ndio anaouona na kuugusa: vitufe, visanduku vya kuandikia, rangi, maneno. Mhandisi wa upande wa mbele hutumia lugha tatu. HTML, aliyoianzisha Tim Berners-Lee huko CERN, husema kitu ni nini: kichwa, aya, kitufe. CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, husema kitu kionekane namna gani. JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995, husema kitu kifanye nini kikiguswa. Nomino, kivumishi na kitenzi, atasema mwanafunzi wa sarufi. Ulinganisho huo una mipaka yake, lakini ulinisaidia kujifunza upesi.

Tuko watu saba, hapa Lubumbashi, na programu yetu ni ya kulipia minervali kwa simu. Asubuhi kila mmoja anasema kwa ufupi alichofanya jana na kinachomkwamisha. Mchoraji hunipa mchoro wa ukurasa, nami naugeuza kuwa msimbo. Mwenzangu mmoja anausoma msimbo huo kabla haujaunganishwa na wa wengine. Mchana najaribu kurasa kwenye simu nne zilizopo mezani kwangu, tatu kati yake za bei ndogo, kwa sababu ndizo wazazi wengi wanazo. Mega hununuliwa. Picha nzito inayomaliza mega za mzazi kabla hajafika kwenye kitufe cha kulipa haina uzuri wowote.

Hayo yanatosha kwa upande wa ratiba. Ugumu uko kwenye maneno.

Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba kuwa lugha za taifa. Kwa hiyo kurasa zetu huandikwa kwanza kwa Kifaransa, kisha hutafsiriwa. Nilipofika, mzazi akishabonyeza kitufe cha kulipa aliona neno moja: « Envoyé ». Kwa Kiswahili mtu alikuwa ameandika « Imetumwa ». Tafsiri hiyo inaonekana sahihi, sivyo? Lakini Kifaransa hapo kinaficha kiima, na Kiswahili hakiwezi kukificha: kiambishi i- kinamlazimu msomaji atafute nomino. Kilichotumwa wakati huo ni ombi tu, na benki ilikuwa haijajibu. Ombi lingetaka « limetumwa ». Mama aliyesoma « Imetumwa » alielewa feza imetumwa, na kwa sarufi yake alikuwa na haki kabisa. Alizima simu akaenda sokoni. Benki ikalikataa ombi, na baada ya siku tatu mtoto akarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali ambayo mama yake aliamini amekwisha kulipa.

Tulipokea malalamiko ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Wenzangu walitafuta kosa kwenye seva. Mimi niliwaonyesha kiambishi. Pendekezo langu lilikuwa: « Ombi limepokelewa. Feza haijafika shuleni. » Mchoraji alikataa, kwa kuwa maneno matano hayaingii mahali palipochorwa kwa neno moja, na simu nyingi ndogo zina upana wa pikseli 360 tu. Tulibishana siku mbili. Mwishowe nilijenga upya kisanduku kile ili kirefuke kadiri ya maneno. Hiyo ndiyo kazi ya upande wa mbele: kisanduku kinapaswa kuifuata lugha.

Tatizo la pili linafanana na hilo. Waandishi wa programu hupenda kuunganisha vipande: jina la kitu, kisha « imefutwa ». Kwa Kiswahili tunapata picha imefutwa, sawa; lakini pia « ujumbe imefutwa » na « cheti imefutwa ». Ipo njia ndefu, ya kuandika ngeli ya kila nomino ndani ya msimbo na kuchagua kiambishi kinachofaa. Ipo na njia fupi ambayo naipenda zaidi: kuacha kutendwa na kumfanya mtumiaji awe kiima. « Umefuta picha », « umefuta ujumbe », « umefuta cheti »: kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Na hapa tunakishinda Kifaransa, ambacho hakijui kama mtumiaji ni « connecté » au « connectée », wakati sisi tunasema « umeingia » na mambo yamekwisha.

Idadi nayo ina mitego yake. Katika kanuni za Unicode ambazo programu nyingi huzifuata, Kifaransa huhesabu 0 pamoja na 1 kuwa umoja, lakini Kiswahili kina umoja kwa 1 tu. Msimbo ulionakiliwa kutoka Kifaransa utaandika « mwanafunzi 0 ». Namna ya kuandika tarakimu inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Shuleni kwetu tulifundishwa kwamba mkato hutenga desimali; Nairobi na Dar es Salaam hutumia nukta. « 1.500 » kwetu ni elfu moja na mia tano, kule ni moja na nusu. Ndiyo maana kodi ya lugha tunayoiweka kwenye ukurasa ni sw-CD, kwani ukiandika sw peke yake mashine inaweza kufuata desturi ya Afrika Mashariki.

Kuhusu msamiati bado hatujapatana. Programu nyingi hutumia « ghairi » kwa « annuler ». Ni neno zuri la Kiswahili sanifu, lakini wazazi tuliowaonyesha hapa mjini walilitazama kama fumbo. Mtaani watu husema ku-annuler. Mimi nimependekeza « acha ». Mwenzangu aliyekulia Bukavu anaona « acha » linasikika kama amri ya kumkaripia mtu. Vivyo hivyo Tanzania wana « ada », Kenya « karo », na sisi minervali. Neno hilo nimeliacha, maana ndilo linaloandikwa kwenye risiti ya shule.

Zoezi. Ukurasa unatakiwa kumjulisha mzazi: « Refusé ». Kilichokataliwa chaweza kuwa ombi, malipo, kadi au cheti. Aliyekataa chaweza kuwa benki, shule au mkaguzi. Andikeni kwanza sentensi kwa kutendwa, kisha tafuteni muundo mmoja unaohitaji viambishi vichache zaidi. Hakuna sentensi itakayozidi herufi 30. Halafu msomeeni mzazi mmoja ambaye hakusoma kitivo hiki, na muandike alichoelewa.